Likinyamaza, Nenda Ukatazame

Hakunifundisha darasani hata siku moja. Nalitanguliza hili kwa sababu kila nikimtaja, watu hudhani nilikaa mbele yake kwenye dawati, ndiyo maana namwita Mwalimu. Wala. Mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa kujikongoja, nikajifunza ufundi simu kwa kaka yangu, nikafungua kibanda Mabatini, na hapo kibandani ndipo aliponikuta. Alikuwa ameshastaafu. Suruali ilikuwa imepigwa pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukukata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una simu zilizokufa?"

"Ninazo, ila hizo haziponi tena."

"Sijauliza kama zinapona. Nataka kile kidude cha ndani kinachotetemeka."

Nikafungua simu mbovu, nikamtolea vile vimota vidogo vinavyoifanya simu itetemeke mfukoni. Alivipokea kwenye leso safi, akaitazama meza yangu, akasema hajapata kuona fundi anayefanya kazi jalalani, akaondoka bila asante. Kesho yake alirudi na brashi ya rangi na kitambaa, akanisafishia meza nzima huku wateja wangu wakicheka. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anakutukana kwanza, halafu anakufanyia kazi ambayo hukumwomba.

Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuwafundisha walimu watarajiwa kuchora, kufinyanga na kusuka. Alikuwa mtu wa Kagera, Mlutheri, na majirani wa kule ufukweni alikojenga walimwita Nshomile, jina tunalowatania Wahaya kwa kujivunia kusoma. Walimwita kisogoni. Mbele yake hakuna aliyethubutu, maana alikuwa na ulimi. Ukimsalimia "Mambo" alikupita kama hajakusikia. Ukimpelekea mgeni, alimkaribisha kahawa ya kutafuna, na mgeni akikunja uso alimwambia, "Tafuna, hiyo si dawa." Mimi alinilazimisha mpaka nikaizoea, na mpaka leo ninayo kwenye droo ya kibanda.

Sasa niseme habari ya mkewe, kwa sababu bila Mama huwezi kumwelewa mzee huyu.

Mama alipigwa na kiharusi muda mfupi baada ya mumewe kustaafu. Upande mmoja ukalala, na maneno yakamtoka. Ndugu wakaja, wakalia, wakashauri apelekwe Bukoba kwa dada zake, kwa kuwa mwanamume ataanzaje kumwogesha mke. Mwalimu akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza wanarudi na basi la saa ngapi. Akabaki naye mwenyewe. Alimwogesha kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu, akamkanda mguu na mkono, akamlisha ndizi zilizopondwa. Alikwenda saluni jirani na kibanda changu, akakaa katikati ya wasichana na suruali yake ya pasi, akajifunza kusuka nywele. Alichofaulu ni mtindo mmoja tu, twende kilioni, ile mistari inayokwenda moja kwa moja kisogoni. Basi Mama akawa anasukwa hivyo wiki hadi wiki, na mistari ilikuwa imenyooka vizuri kuliko ya saluni.

Wanaume wa mtaa walimcheka. Wanawake walimsifu, halafu nao wakacheka.

Tatizo lilikuwa kazi zake za uani. Akitoka nje kusuka vikapu au kuchanganya rangi, Mama hakuweza kumwita. Mwalimu akachukua kamba nyembamba, akaitundika vizibo vya soda, akafunga ncha moja kwenye mkono mzima wa mkewe na nyingine dirishani. Kengele ya kuitia ndiyo iliyonijia kichwani nilipoiona.

"Kwa hiyo akikuhitaji anavuta?"

"Hapana. Akiwa mzima, mkono unachezacheza wenyewe na vizibo vinalia. Vikinyamaza ndiyo naingia."

"Si afadhali avute akizidiwa?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyechora mikono yenye vidole sita. "Wewe binti, mtu aliyezidiwa anavuta kwa nguvu gani? Mtoto anayecheza uani anapiga kelele. Akinyamaza, unafanyaje?"

"Naenda kumtazama."

"Haya. Mama yako hakuhitaji betri kulijua hilo."

Nilikaa naye siku nyingi uani, na kila mara niliona jinsi mazungumzo yetu yalivyokuwa na sikio la tatu. Vizibo vikilia, aliongea, alibisha, alitukana serikali na wachungaji. Vikinyamaza, aliacha neno katikati, akainuka. Mara nyingi alimkuta Mama amelala tu. Alirudi, akakaa, akaendelea na lile neno.

Mwalimu alikuwa anaogopa ziwa. Hilo watu hawaliamini, lakini nimeliona kwa macho yangu. Alijenga juu kidogo ya mwalo wetu, pale wavuvi wanapofikisha mitumbwi na akina mama wanapoanika dagaa, na bado hakuingiza mguu majini kupita kifundo. Alipoalikwa harusi Nansio alituma zawadi, akasema feri haimpendi. Samaki hakula. Alisema sato anamnukia matope. Na huyuhuyu ndiye aliyelifikiria lile ziwa kuliko sisi wote tuliozaliwa nalo puani. Alipomwona mama mmoja anatupa pampasi majini alimfokea mpaka yule mama akalia, halafu jioni moshi wa plastiki ukapanda kutoka uani kwake, anachoma makopo ya rangi. Nilipomsuta alisema, "Nani kakwambia mimi ni malaika?" Na kaka yake wa tumbo moja, aliyekosana naye juu ya shamba la migomba, Mwalimu hakumtembelea mpaka huyo kaka akafa. Mtu aliyeweza kukaa nusu siku akimkanda mkewe kidole kimojakimoja hakuweza kupiga simu moja Bukoba.

Maji ya bomba kule ufukweni yanakuja yakitaka. Watu huchota ziwani. Na ghuba yetu, majira ya shwari, hugeuka kijani. Kuna siku utando unakaa juu kama rangi iliyomwagika, na kuna siku umejificha chini kidogo, ukichota kabla ya jua huoni kitu. Mbuzi wanakunywa wanakufa. Watoto wanaharisha, ngozi inawawasha. Wengi wetu tulidhani kuchemsha kunatosha. Mwalimu alikuwa na rafiki wa zamani aliyefanya kazi za utafiti wa samaki, naye alimwambia waziwazi kwamba sumu ya ule ukijani moto hauiondoi. Unachemsha, vijidudu vinakufa, sumu inabaki kwenye sufuria. Tangu siku hiyo mzee hakulala vizuri, kwa sababu maji ya kumwogesha na kumnywesha Mama yalitoka palepale.

Ndipo akaja kwangu kutafuta vimota.

Kitu alichokitengeneza watu walikiita kayamba. Alisuka kikapu cha duara kwa magugumaji yaliyokaushwa, yaleyale yanayoziba mitumbwi, ndani akaweka vipande vya dumu ili kielee. Chini, ndani ya maji, kulikuwa na kioo kidogo cha sola kutoka taa mbovu, kimetazama juu. Juu kulikuwa na kimota cha simu kinachogongagonga vizibo na maganda ya konokono kwenye mfuniko wa sufuria. Nyaya niliunga mimi. Maji yakiwa maangavu, mwanga unapenya mpaka kwenye sola, kimota kinatetemeka, kayamba linalia. Maji yakiwa mazito, mwanga haufiki, linanyamaza. Basi. Hakuna betri, hakuna laini ya simu. Kila moja alilipaka nakshi yake, nyeusi na nyeupe na ile nyekundu ya udongo wa kwao, na kila moja alilikabidhi kwa kaya moja ya pale mwaloni.

Kukabidhiwa kayamba maana yake ni mswaki. Ukiacha kioo majini kinaota ute, na ute unazuia mwanga. Kwa hiyo kila asubuhi mtu wa kaya ile alilivuta kayamba kwa kamba, akalipiga mswaki kioo chake, akalirudisha. Wengine waliona usumbufu. Mama mmoja muuza dagaa alimuuliza mbele yangu, "Sasa Mwalimu, likinyamaza nitajuaje kama ni maji mabaya au ni mimi sijasugua?"

"Hutajua."

"Sasa faida yake?"

"Faida yake ni kwamba utakwenda kutazama."

Yule mama alinitazama mimi kama anayeomba msaada, nami nikainua mabega. Lakini alisugua. Wote walisugua. Ikawa mazoea ya pale, asubuhi unakuta watu wameinama na miswaki, wanataniana la nani linalia vizuri. Na kanuni ikawa moja: hachoti mtu mpaka jua lipande na makayamba yalie. Siku ya mawingu kila mtu akatazame kwa macho yake. Sisemi ghuba ilipona. Nasema tulikuwa tunaijua hali yake kila siku, na mbuzi waliacha kufa. Kwangu hiyo ilikuwa sanaa na ilikuwa ufundi, na sijui mpaka wapi ni lipi, na Mwalimu alikasirika ukimuuliza. "Waulize watu wa mwalo kama wanajali," alisema.

Kusifia hakuweza. Kazi yangu nzuri kabisa, ile ya kuziba nyaya zisipitishe maji, aliitazama muda mrefu, akasema, "Haijaharibika." Nililala na furaha siku hiyo.

Halafu wakaja watu wa mradi wa maji safi.

Nitajitahidi nisitukane. Walikuja na gari jeupe na fulana zinazofanana, na walikuwa na adabu, hilo siwanyimi. Kiongozi wao, kijana msomi, alipiga shikamoo kwa kila mzee. Walipiga picha makayamba, wakapiga picha miswaki, wakampiga picha Mama kitandani mpaka Mwalimu akawafungia mlango. Wakaitisha mkutano mwaloni. Nilikuwepo.

"Mwalimu, wazo lako ni kubwa," kijana alisema. "Sisi tunataka kuliboresha lifike mialo yote. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, kelele. Linalia mchana kutwa wakati hakuna tatizo. Pili, akina mama wanachelewa kuchota. Tukiweka betri, taa yake ndogo na king'ora, litakaa kimya, litalia maji yakiharibika tu. Hapo mtu anachota hata alfajiri."

Mwalimu akasimama. "Na betri ikifa?"

"Zitakuwa betri nzuri."

"Nimeuliza ikifa."

"Ikifa... tutakuwa na ratiba ya kubadilisha."

"Ikifa, litakaa kimya. Na wewe umeshawafundisha kwamba kimya ni heri. Mimi nimewafundisha wasiamini kimya, wewe unataka wakilalie."

Kijana akatabasamu, yale matabasamu ya kumvumilia mzee. "Mwalimu, watu hawawezi kuishi na mswaki mkononi."

"Ndiyo kuishi kwenyewe," alisema, akakaa.

Mwenyekiti wetu wa mtaa akauliza wananchi wanasemaje. Na hapa ndipo panaponichoma. Wananchi walinyoosha mikono. Akina mama walewale waliotaniana na miswaki walinyoosha mikono, kwa sababu walikuwa wamechoka, na maji ya alfajiri yanaokoa asubuhi nzima, na siwezi kuwalaumu nikawalaumu vizuri. Yule muuza dagaa alinyoosha huku anatazama chini. Waliponiomba niunge nyaya za vile vipya nilikataa. Haukuwa ushujaa, zilikuwa hasira tu. Wakapata fundi mwingine siku hiyohiyo.

Vile vipya vilikuwa vya plastiki ya buluu, vyote sawa, havina nakshi. Vilikaa majini kimya kabisa. Miezi ya mwanzo vilifanya kazi, lazima niseme ukweli. Maji yakichafuka vililia, watu wakapiga makofi. Baadaye ute ukaota, kwa kuwa hakuna tena mwenye mswaki, vikaanza kulia hovyo hata maji yakiwa safi, wavuvi wakakasirika, wakavipiga kasia. Watu wa ratiba ya betri walikuja mara ya kwanza, mara ya pili hawakuja. Kimoja baada ya kingine vikanyamaza. Na ghuba nzima ikafurahi, kwamba maji yetu sasa ni mazuri.

Mwalimu hakufurahi. Aliendelea na kayamba lake moja, lile la mwanzo kabisa, aliloliita la Mama, akilivuta kwa kamba ndefu asilowe. Mpwa wa Mama, msichana mkubwa aliyekuja kumsaidia kazi, alimwona kama babu anayecheza na mdoli.

Kisha watu wa mradi wakaandaa maonyesho kwenye hoteli moja kubwa mjini. Walitaka kayamba la kwanza kabisa, lile la Mama, liwekwe ukutani, na mbunifu mwenyewe awepo siku zote za maonyesho, kuanzia asubuhi na mapema, wageni wamuulize maswali. Alikataa. Mtaa mzima ukamsihi. Mwenyekiti akamwambia ni heshima ya mtaa. Mchungaji akamwambia. Na Mama mwenyewe, naapa, alipoonyeshwa ile suti ya kanisani alicheka kwa upande wake mzima wa uso, na mkono ukatingisha vizibo. Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Kiburi kilikuwepo pia. Mtu wa Bukoba kuitwa mbele ya wageni, unadhani mchezo?

Nilikwenda siku ya ufunguzi. Walikuwa wamelitundika ukutani, kavu, chini ya taa kali. Mgeni rasmi alipoanza hotuba, mwanga wa taa ukaamsha sola, na kayamba likaanza kulia. Watu wakacheka. Msichana mmoja wa hoteli akaja kwa haraka, akaligeuza likatazama ukuta, likanyamaza. Hotuba ikaendelea, kuhusu sauti ya wananchi. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa ameshasimama, kwa mazoea tu, kama pale uani vizibo vinapokoma. Akasimama hivyo mstari wa mbele, katikati ya watu waliokaa, mpaka mtu akamvuta koti akae.

Kule nyumbani, mpwa alikuwa anachota maji alfajiri. Kayamba la Mama halikuwepo ziwani, na kile cha buluu kilikuwa kimya. Akachemsha vizuri, kama alivyofundishwa. Akamwogesha shangazi yake, akamnywesha.

Siku ya tatu Mama alianza kuharisha na kutapika. Mwalimu alirudi jioni akakuta vizibo vimelala shukani. Hospitali walihangaika naye kwa kadiri walivyoweza, na daktari alisema mwili wa mgonjwa wa kiharusi hauna akiba, kitu kidogo tu humchukua. Hakuna aliyepima maji. Mimi sina cheti cha kusema kilichomuua ni nini. Nilikwenda ziwani siku ya msiba jua likiwa limesimama, nikaona ghuba ilivyokuwa kijani mpaka kwenye miamba, na vile vya buluu vinaelea juu yake, vimetulia. Hicho ndicho ninachokijua.

Mpwa alipiga magoti mbele ya Mwalimu, nikiwa nimekaa pembeni yao kwenye mkeka.

"Mjomba, kilikuwa kimya. Naapa kwa Mungu, kilikuwa kimya."

"Najua, mwanangu," alisema. "Ulifanya kama ulivyofundishwa."

Hakumfokea. Yeye ambaye alimfokea kila mtu kwa kila kitu. Mama alizikwa na mistari yake ya twende kilioni, aliyomsuka mwenyewe Jumapili kabla ya maonyesho, na sisi tuliokuwa tukiutania huo mtindo tulikosa pa kuweka macho.

Baada ya matanga Mwalimu aliifunga nyumba, akahamia Kisesa, kwenye vyumba viwili vya kupanga, mbali na maji. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa. Wanafunzi wake wa zamani, walimu wazima, walianzisha kundi la kumfariji kwenye simu, wakatuma maua ya picha na mistari ya Biblia, halafu wakahamia habari nyingine. Watu wa mradi waliitisha mkutano wa kufunga mradi. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kusikia watasema nini. Yule muuza dagaa, Mungu amlipe, alisimama akauliza kuhusu kifo cha Mama na vile vidude vya buluu. Mwenyekiti ndiye aliyemjibu.

"Jamani, tusifukue makaburi. Mwalimu mwenyewe hana kinyongo. Tangu msiba hajasema neno."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Yule kijana msomi naye akaonekana kama ametuliwa mzigo. Kuna mzee mmoja nyuma yangu aliongeza, kwa busara zake, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitaka kumgeukia nimuulize huo mshindo anausubiri utoke kwa nani. Nilitoka, nikakodi bodaboda, nikafunga kibanda kwa siku nzima, nikaenda kuulizia nyumba kwa nyumba Kisesa.

Nilimkuta mchana. Nilipiga hodi mara ya kwanza, kimya. Nikapiga tena. Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa kitandani, amevaa, suruali haijapigwa pasi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikuwa amekonda, ndevu nyeupe zimeota hovyo. Ukutani hakukuwa na picha hata moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Umenyamaza."

Alinitazama. Akaiuma midomo, akageuza uso dirishani, na mabega yakaanza kucheza. Kumshika bega sikuthubutu, maana hatukuwa tumezoeana hivyo. Nilikaa chini sakafuni mpaka akamaliza.

"Nilitegemea angalau mmoja wa wale niliowafundisha," alisema. "Miaka yote ile. Umekuja wewe ambaye sikukufundisha kitu."

"Ulinifundisha kufuta meza."

"Unaifuta?"

"Mara mojamoja."

"Nilijua."

Nilimweleza ya mkutanoni, kwamba mwenyekiti amesema hana kinyongo. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Alisema anacho, tena cha kutosha kuwagawia wote, na kwamba kinyongo kikubwa ni cha ile suti. "Ningebaki nyumbani," alisema. "Walinipa kiti cha mbele, nikakaa." Nilimwambia asijiseme hivyo. Aliniambia ninyamaze, kisha akasema hapana, usinyamaze, ongea, ongea chochote. Basi nikaongea. Nilimwambia bei ya vioo vya simu, ugomvi wa majirani zangu, mteja aliyeangusha simu chooni akaniletea bila kuifuta. Nilichemsha chai. Alikunywa.

Nilikuwa nimemletea kitu. Kayamba la Mama lilibaki hotelini baada ya maonyesho, kwenye stoo, na nililidai mpaka walinzi wakachoka nami. Nikalitoa kwenye mfuko. Kamba ya magugumaji ilikuwa imeanza kuoza upande mmoja, lakini nyaya zilikuwa nzima. Hakuligusa. Nikachukua beseni lake la kufulia, nikalijaza maji ya mvua kutoka kwenye pipa, nikaliweka nje mlangoni kwenye jua, nikalitumbukiza. Sekunde chache halikufanya kitu. Halafu vizibo vikaanza.

Mwalimu akafumba macho. Akajilaza kitandani na viatu vyake, yeye ambaye viatu ndani ya nyumba ilikuwa kosa la jinai.

"Nyaya zile uliziziba vipi?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Kwa gundi ya mtumbwi."

"Hazijaharibika."

Nikamwambia nitarudi Jumamosi. Akapeleka mkono pembeni ya kitanda, ukaning'inia, vidole vinachezacheza kidogo. Nikauacha mlango wazi ili lisikike ndani, nikaondoka.

Kutoka pale mpaka barabara kuu ni uchochoro mrefu kati ya nyumba za matofali. Nilitembea nikilisikiliza nyuma yangu. Kwenye kona ya kwanza lilikuwepo. Kwenye duka la mangi sauti yake ilikuwa ndogo, nikasimama ili niisikie. Nilipofika barabarani, malori yanapita, dereva wa bodaboda ananiita dada twende, sikulisikia tena. Nilijiambia ni umbali tu. Mtu yeyote mwenye akili angejua ni umbali.

Nikamwambia dereva anisubiri, nikarudi kutazama.